Anza na Ukuta wa Mbele

Madukani Garissa, boksi la homu thieta huuzwa kwa namba. Mbele limeandikwa wati 5,000, pengine 10,000, kwa tarakimu zinazong'aa kuliko jina la kampuni, na pembeni zimebanwa herufi nne: PMPO. Herufi hizo hazina kipimo nyuma yake. Hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kuzipima, kwa hiyo kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe na kujipa maksi. Ukitaka kujua ukubwa wa uongo huo bila kutoka nyumbani, chukua kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kile kilichozinduliwa Desemba 2019, chenye uwezo wa megawati zipatazo 55. Lau wati 10,000 za boksi zingekuwa za kweli, seti 5,500 zikiwashwa kwa pamoja zingekula umeme wote wa kituo hicho saa sita mchana, jua likiwa utosini, na feni zisibakiziwe kitu. Kisha geuza seti hiyohiyo usome kibandiko cha nyuma, pale panapoelezwa stima inayotumika. Mara nyingi utakuta wati 60, au 80, au 100. Spika haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuingia kupitia soketi ya ukutani, isipokuwa kwa mpigo wa sehemu ndogo ya sekunde. Kibandiko cha nyuma husema kweli kwa kuwa hakikuandikwa ili kumvutia mnunuzi.

Namba ya wati ina mwenzake, nayo ni idadi ya spika. Boksi humfanya mnunuzi aamini kwamba spika tano ni bora kuliko tatu, na tatu bora kuliko mbili, utadhani sauti huhesabiwa kwa vichwa kama mifugo ya Soko Ng'ombe. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hayo. Familia ya Garissa, Wajir au Mandera yenye bajeti ndogo itapata sauti nzuri zaidi ikinunua risiva ya kweli, hata kama ni ya mtumba, pamoja na spika tatu za kueleweka za mbele, na kuziacha za nyuma mpaka pesa nyingine zipatikane. Sababu zake hazitoki katika vitabu vya Wazungu wapenda vyombo vya muziki. Zinatoka katika yale yanayotazamwa huku, namna watu wanavyoketi sebuleni, na joto.

Tuanze na kazi ya kila kifaa. Risiva ni kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwa televisheni, dekoda au simu, kikaifasiri, kikaigawa na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Mpango unaoitwa 5.1 una spika tatu mbele, yaani ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Mbili za ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji. Na ile moja inayokuja baada ya nukta ni sabufa, inayobeba mngurumo peke yake. Mpango huu ulipata umaarufu kwenye kumbi za sinema kupitia Dolby Digital mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, ukafika majumbani pamoja na DVD miaka michache baadaye. Wachanganyaji wa sauti za filamu wana desturi yao ya tangu zamani: mazungumzo huwekwa katika spika ya katikati, muziki na milio mikubwa hutandazwa kushoto na kulia, na nyuma hupelekwa mvua, upepo, ndege inayopita, kelele za umati. Ukizima spika za nyuma filamu ikiendelea utapoteza mandhari. Ukizima ya katikati utapoteza hadithi yenyewe. Mwenye pesa za kutosha spika tatu nzuri hana sababu ya kuzikatakata zitoshe tano mbovu.

Sasa tazama kinachopita kwenye skrini za Kaskazini Mashariki. Filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali zina wapenzi wengi, na tamthilia za Kituruki zilizofasiriwa kwa njia hiyohiyo zimezifuata. Kuna habari za Kisomali, Kiarabu na Kiswahili, mihadhara ya masheikh, visomo vya Kurani, na mwisho wa wiki kuna mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza. Filamu ya Kihindi ikishatiwa Kisomali, kazi nzima kwa kawaida hutoka na chaneli mbili tu, tena ikiwa imeminywa ili itoshe kwenye YouTube au kwenye flashi. Ule mchanganyiko wa asili wa Mumbai wenye chaneli sita haufiki mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa. Hapo spika za nyuma za seti ya boksi hukosa kazi. Ama hukaa kimya, ama hurudia yaleyale ya mbele, jambo linalovuruga maneno badala ya kuyakuza. Kisomo na mhadhara ni sauti ya mtu mmoja. Mpira una kelele za uwanja, na kwa hilo spika za nyuma zinaweza kupendeza, ila hata mpira hutazamwa huku mtangazaji akisikilizwa. Tena ziko nyumba ambazo muziki haupigwi kabisa kwa sababu za dini. Kwa hizo, hoja inapata nguvu maradufu, kwa sababu kinachonunuliwa ni chombo cha kusikia sauti ya binadamu na basi. Nyumba inayotazama Netflix au diski za Blu-ray kila usiku ndiyo inayopata 5.1 kamili, na hiyo ifanye hesabu yake tofauti.

Sauti ya binadamu ina mahitaji yake. Msingi wa sauti ya mwanamume hutetema takriban mara 85 hadi 180 kwa sekunde, yaani hezi 85 hadi 180, na wa mwanamke 165 hadi 255. Konsonanti, ambazo ndizo hutenganisha neno na neno, hukaa juu zaidi, nyingi zikiwa kati ya hezi 2,000 na 4,000. Vispika vya seti ya boksi vina koni ya inchi mbili au tatu ndani ya plastiki nyepesi. Koni ndogo kiasi hicho haiwezi kushuka hadi hezi 100 kwa nguvu ya maana, kwa hiyo mtengenezaji huitwika sabufa kila kitu kilicho chini ya hezi 200 hivi. Matokeo yake ni sauti iliyopasuliwa: kifua cha msomaji kinatoka kwenye boksi lililosukumwa kando ya kabati, na midomo yake inatoka juu ya televisheni. Sikio huanza kutambua mahali mngurumo unakotoka kadiri unavyopanda kuvuka hezi 80 au 100, ndiyo sababu 80 ndio mpaka unaopendekezwa sana kati ya sabufa na spika nyingine. Spika ya inchi tano, au bora sita na nusu, ndani ya boksi zito la mbao, inakaribia mpaka huo bila kuhema. Hizo ndizo spika za kutafutwa, mbili kwa kushoto na kulia, na moja ya kulala kwa katikati, ikiwezekana zote za ukoo mmoja ili sauti isibadilike tabia mtu anapotembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine.

Kisha kuna sebule. Michoro ya viwandani imekusudiwa kochi moja linaloikabili televisheni, na msikilizaji mmoja katikati yake. Sebule nyingi za Garissa zimepangwa kwa mtindo wa Kiarabu wa majlisi: magodoro na mito kuzunguka kuta tatu, zulia katikati, televisheni kwenye ukuta wa nne. Wageni wakijaa, zaidi ya nusu yao wako pembeni. Spika mbili peke yake humpa aliyeketi katikati hisia kwamba maneno yanatoka kwenye skrini, lakini kwa aliyeegemea ukuta wa kushoto hisia hiyo huvunjika na kila neno huhamia upande wake, kwa kuwa sikio hufuata sauti iliyowahi kulifikia. Spika ya katikati huwatibu wote kwa mpigo mmoja. Kumbi za sinema ziliihitaji mapema kwa sababu hiyohiyo ya viti vya pembeni, na majlisi ya Garissa, kwa umbo lake, inafanana zaidi na ukumbi wa sinema kuliko sebule ya kochi moja. Spika za nyuma hapo ndizo huleta taabu. Ukizifunga kwenye ukuta wa nyuma kwa urefu wa kawaida, zitakuwa shubiri chache kutoka masikioni mwa walioegemea ukuta huo, nao watasikia mvua ya filamu kuliko mazungumzo yake.

Hata urefu wa spika za mbele hubadilika. Aliyekaa juu ya godoro la sakafuni masikio yake yako sentimita 70 au 80 kutoka chini, hivyo spika zilizopandishwa juu ya kabati refu hutuma konsonanti juu ya kichwa chake. Zishushwe, au ziinamishwe zimwelekee. Zulia na mito ni neema, maana hunywa mwangwi ambao kuta za mawe na sakafu ya tailzi zingeurudisha chumbani. Katika nyumba ya tailzi tupu, zulia zito litasaidia maneno kusikika kuliko wati 50 za nyongeza.

Msomaji makini atauliza: ikiwa filamu zenyewe ni za chaneli mbili, spika ya katikati italishwa nini? Italishwa na programu iliyomo ndani ya risiva. Dolby Pro Logic ya mwaka 1987, na Pro Logic II ya mwaka 2000, hulinganisha chaneli ya kushoto na ya kulia. Kilicho sawa katika zote mbili, ambacho kwa kawaida ni maneno, hupelekwa katikati, na kinachotofautiana hubaki pembeni. Risiva za karibuni hufanya kazi hiyo kwa jina la Dolby Surround, na za DTS huiita Neo:6 au Neural:X. Sauti ya mono, kama ile ya mihadhara ya zamani, karibu yote huhamia katikati, na huko ndiko kwake. Sharti ni kwamba kazi hiyo iwashwe. Risiva ikiletewa stirio inaweza kucheza spika mbili tu mpaka mtu abonyeze kitufe husika cha rimoti, na mwenye nyumba akaishi na spika ya katikati iliyonyamaza akidhani imekufa. Ni kwa ajili ya tundu la spika ya katikati, na programu hiyo ya kuilisha, ndiyo maana ninasema risiva na si amplifaya ya kawaida, ingawa amplifaya ya stirio huwa ya bei nafuu.

Kuhusu wati, risiva nazo zina ujanja wao, ingawa wa kiungwana zaidi. Sony ilitoa STR-DH590 mwaka 2018, mojawapo ya risiva zake za bei ya chini, na kuitangaza kwa wati 145 kwa kila chaneli. Maandishi madogo yanasema namba hiyo ni kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, upotofu wa sauti ukiwa asilimia 0.9. Chaneli mbili zikifanya kazi pamoja kwa masafa yote, hezi 20 hadi 20,000, upotofu ukishuka hadi asilimia 0.09, ni wati 90. Hakuna uongo hapo, ila ya pili ndiyo ya kulinganishia. Yamaha RX-V385 ya mwaka huohuo huandikwa 70 kwa kipimo cha aina hiyo. Marekani ilichoshwa na mchezo huu mapema: Tume ya Biashara ya huko ilitunga kanuni kuhusu wati za amplifaya mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaikaza. Kwa mnunuzi wetu, 70 dhidi ya 90 si jambo la kumkosesha usingizi. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu yahitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kati ya 70 na 90 pana desibeli moja hivi. Kinacholeta tofauti kubwa ni wepesi wa spika, unaoandikwa nyuma yake kwa desibeli: spika ya desibeli 90 hufanya kwa wati 10 kazi ambayo ya desibeli 84 huifanya kwa wati 40. Mwenye kutafuta sauti kubwa kwa pesa kidogo asome namba hiyo kwanza.

Kilicho cha kukataa kabisa ni kufunga vispika vya seti za zamani za DVD kwenye risiva. Vingi ni vya omu 3 au 4, na risiva nyingi za bei ya chini zinataka 6 hadi 8. Ukivilazimisha, risiva itajikata yenyewe kila sauti ikipanda, na siku moja haitarudi.

Mtumba ndiyo njia ya mwenye bajeti ndogo, na kwa watu wa Garissa njia hiyo hupita Nairobi. Eastleigh ilipata sura yake ya kibiashara kutokana na Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo vyumba vyake viligeuzwa maduka mapema katika miaka ya 1990, wakimbizi kutoka Somalia wakiuza mchana bidhaa walizolala nazo usiku. Bidhaa za Dubai zilijaa humo, vyombo vya elektroniki vikiwa miongoni mwake, na kutoka huko na kutoka Luthuli Avenue mzigo husafiri kilomita 370 hivi hadi Garissa. Mlango wa pili ni jamaa wa ng'ambo, na hapo ndipo pesa huteketea, tena kwa maana halisi. Stima ya Kenya ni volti 240 kwa hezi 50. Risiva kutoka London au Leicester ni ya volti 230, na plagi yake ni ileile ya miguu mitatu. Ile kutoka Minneapolis, katika jimbo lenye jamii kubwa ya Wasomali wa Marekani, aghalabu ni ya volti 120. Ukiichomeka Garissa bila transfoma ya kushusha, itaungua papo hapo. Ya Japani ni volti 100. Saudia nayo ilitumia volti 127 majumbani kwa miaka mingi, kwa hezi 60, kwa hiyo zawadi inayoletwa na mahujaji isomwe kibandiko kabla ya kusomewa dua. Emirati ni volti 230 kwa hezi 50, haina neno.

Umri wa risiva usikutishe sana. HDMI yenye ARC, inayorudisha sauti ya televisheni kwenye risiva kwa waya uleule mmoja, ilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2009, na risiva yoyote nzima yenye ARC itaitumikia televisheni ya leo. Ya zamani zaidi, isiyo na HDMI, bado hupokea Dolby Digital kwa waya wa mwanga wa optiko, na kwa kuwa wengi hudhani imepitwa na wakati, bei yake huwa ya kutupa. Ipimwe tu dukani ikiwa imewashwa kwa nusu saa nzima. Risiva zina mlio wao wa majaribio unaozunguka spika moja baada ya nyingine; spika ikikoroma au ikikatika, chaneli hiyo ina ugonjwa. Kila tundu la HDMI lijaribiwe, kwani hayo huharibika mapema kuliko amplifaya. Zungusha kitasa cha sauti polepole usikilize mikwaruzo. Rimoti iwepo, na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba ikiwezekana. Kwenye spika, bonyeza taratibu ukingo unaoizunguka koni: wa sponji huoza ukazeeka, ukabomoka mkononi kama keki, na wa mpira hudumu. Kwa hali ya hewa ya huku mpira ndio wa kuchagua.

Hali hiyo ya hewa yastahili kuzungumziwa peke yake. Garissa iko chini, mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Baadhi ya miongozo ya risiva huweka nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la chumba linalokubalika. Amplifaya za aina ya AB, zilizomo kwenye risiva nyingi, hugeuza sehemu kubwa ya stima kuwa joto, nalo hutoka kwa matundu ya juu. Ikifungiwa ndani ya kabati la vioo, au ikitandikwa kile kitambaa cha kufuma kinachopamba kila chombo sebuleni, inajipika. Iachiwe sentimita 20 hadi 30 juu yake na nafasi ubavuni. Vumbi jekundu la msimu wa kiangazi huziba matundu hayohayo, kwa hiyo brashi laini kila baada ya wiki chache si anasa.

Stima yenyewe ni ya kuchungwa. Garissa mjini imeunganishwa na gridi ya taifa, ilhali Wajir na Mandera zilitegemea kwa miaka mitambo ya dizeli iliyojitenga, ikasaidiwa baadaye na sola, na huko volteji hupanda na kushuka. Kikata stima, kile ambacho maduka yanakiita TV guard, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuupitisha, ni sehemu ya bei ya risiva wala si nyongeza. Anayetumia inverta ya sola achague yenye wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi hufanya transfoma ya risiva ivume, na mvumo huo husikika katika kila kimya cha filamu. Risiva ya kawaida hula wati 30 hadi 60 hata sauti ikiwa chini. Kwa nyumba yenye betri moja hiyo ni riziki nzito, na hapo nakubali wazi kwamba hoja yangu inalegea: nyumba inayoishi kwa sola ndogo, nje ya miji, itahudumiwa vyema na kifaa kidogo cha amplifaya za aina ya D, ambazo hazipotezi stima nyingi kwa joto.

Kifaa hicho mara nyingi ni saundibaa, na kuna watakaosema kwamba hata mjini saundibaa inatosha. Wana hoja. Ina spika zake mbele, maneno hutoka chini ya skrini, waya ni mmoja, na anayeishi chumba cha kupanga hana pa kuweka kitu kingine. Kama uamuzi ni kati ya saundibaa ya heshima na seti ya boksi yenye spika tano za plastiki, chukua saundibaa. Lakini saundibaa huja na kuondoka ikiwa nzima: ubao wake ukiungua, spika zilizomo haziwezi kuhamishiwa kwingine, na fundi hana cha kufanya ila kutafuta ubao wa aina hiyohiyo. Risiva ikifa, spika zako tatu zinabaki na zitaungwa na nyingine mwaka ujao. Spika nzuri ikitunzwa huishi miaka 20 na zaidi, na kwa mtu anayenunua kwa kujinyima huo ndio muda wa kuhesabia.

Wengine watasema seti ya boksi ina waranti na mtumba hauna. Ni kweli, na waranti ya duka lililo karibu ina thamani kuliko ahadi ya muuzaji wa Nairobi. Ila waranti hurudisha kifaa kilekile, na kinacholalamikiwa hapa ni ubora wa kifaa kikiwa kizima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Seti zenye taa zinazocheza na rimoti ya rangi zimejitembeza vya kutosha.

Kwa maoni yangu nusu ya pesa iende kwa spika tatu, theluthi kwa risiva, na salio kwa waya na kinga ya stima. Waya uwe wa shaba yenyewe, wa milimita mraba 1.5, unaopatikana kwa maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ya mita. Ule wa alumini iliyofunikwa kwa shaba ni rahisi kwa sababu inayoeleweka. Sabufa ije baada ya hapo, bila haraka. Mngurumo wa chini hupenya ukuta na kusafiri hadi kwa jirani wakati maneno hayapiti, na katika mitaa ambako nyumba zimegusana na adhana ya alfajiri inasubiriwa kwa utulivu, hiyo ndiyo spika ya kwanza kuleta ugomvi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, huweka viwango vya chini zaidi usiku kuliko mchana.

Spika za nyuma, zikifika siku yake, zisifungwe ukuta wa nyuma. Pendekezo la kimataifa ni nyuzi 110 hivi kutoka mbele ya msikilizaji, yaani ubavuni na nyuma kidogo, na katika majlisi hilo lina maana ya kuta mbili za pembeni, juu, karibu mita moja kupita vichwa vya walioketi, zikitazamana badala ya kuwatazama watu. Hapo hata ndogo za inchi nne zinatosha, kwa kuwa kazi yake ni mvua na upepo. Kisha maikrofoni ya kupimia irudiwe upya, ikiwekwa kwa urefu wa sikio la aliyekaa godoroni wala si juu ya meza, na feni ya darini izimwe kwa dakika hizo chache ili risiva isiipime kuwa sehemu ya chumba.